Tulivyomwandaa Baba Mdogo kwa Marudiano

Mafuta ya mkia wa kondoo yakiyeyushwa kwenye sufuria hutoa harufu nzito inayoganda kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye madaftari ya shule. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nyumba yetu ya kijijini Nambis ilinuka hivyo kuanzia wakati wa kuvuna mahindi mpaka baada ya Krismasi. Watu wengine wakiisikia harufu hiyo hukumbuka sikukuu. Mimi hupandwa na hasira, na sioni aibu kusema hivyo. Mafuta yale hayakuwa yetu. Yaliletwa na majirani, leo mmoja na kesho mwingine, kwenye vibuyu na makopo, na yote yalikuwa ya mtu mmoja: baba mdogo Boay, mdogo wake baba, bondia wa uzito wa juu. Nusu alipakwa mgongoni na mabegani, nusu alikunywa. Asubuhi alikunywa kikombe kizima kikiwa bado cha moto, huku watu wazima watatu wanne wamesimama mlangoni kuhakikisha amemaliza. Mzee Tluway, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa amesikia redioni kwamba uzito wa juu hauna kikomo, kwamba bondia wa daraja hilo anaweza kuwa na kilo zozote zile. Akalielewa jambo hilo kama mfugaji. Kama hakuna kikomo, basi tumnenepeshe.

Baba mdogo alikuwa mtu mkubwa tangu zamani, hata bila mafuta ya mtu. Alikuwa anabeba gunia la mahindi begani huku anaongea na wewe, wala hatui ili amalize hadithi. Ngumi alijifunza alipokwenda kufanya kazi mjini, akarudi kulima, na akawa anaitwa kupigana mara moja moja Babati au Katesh. Mimi nilikuwa shabiki wake namba moja. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema ili msomaji ajue kwamba katika haya nitakayoyasimulia sikuwa mtazamaji. Kwenye jalada la daftari langu la hesabu nilimchora akiwa na glovu, na mwalimu akanichapa kwa kuchafua daftari. Nikamchora tena kwenye la Kiswahili.

Mwezi wa nane mwaka ule alipigana Babati na bondia wa Singida. Sisi watoto hatukwenda, tulisikiliza redio kwenye mashine ya Mzee Tluway, ambayo siku hiyo ilizimwa mchana kutwa ili tusikie vizuri. Raundi zikaisha wote wawili wakiwa wamesimama, na majaji wakampa yule wa Singida ushindi wa pointi. Mzee Tluway akaipiga redio yake kofi kama vile ndiyo iliyotoa maksi. Tumeibiwa, akasema. Kuanzia jioni ile hilo ndilo lilikuwa neno. Tumeibiwa kisimani, tumeibiwa kanisani baada ya ibada, tumeibiwa mnadani kwa watu waliokuwa wamekuja kuuza mbuzi wao tu na hawajui ndondi ni nini. Shuleni mtoto mmoja wa mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Singida alisema majaji walikuwa sawa. Nilimpiga mpaka akatoka damu puani. Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Bibi, ambaye ni mama yake Boay, alinipa maziwa.

Ilipotangazwa kwamba kutakuwa na pambano la marudiano mwezi wa kwanza, Babati palepale, kijiji kikawa na kazi moja tu. Wazee waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba walikaa benchi moja wakipanga mazoezi. Wanawake walileta maziwa mgando. Kila aliyepita kwetu aliingia kumkandakanda baba mdogo mkono, kama mtu anayepima fahali mnadani, halafu akatoa maoni. Wengine walitaka apige magogo, wengine walitaka apandishe mlima na jiwe begani. Yeye alicheka na kukubali yote. Alikuwa mtu wa kukubali, na hilo ndilo lililomponza.

Mimi ndiye niliyeliona jicho. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, mimi nimekaa kushoto kwake, na kwa uchokozi nikamtolea ulimi. Kwa kawaida angenirushia gunzi. Hakufanya kitu. Nikamtolea tena, nikatumbua macho, nikapunga mkono karibu kabisa na shavu lake. Aliendelea kupukuchua na kupiga mluzi. Nikaanza kumchunguza, na siku mbili tatu nikaona mengine: alimimina chai pembeni ya kikombe, alijigonga bega la kushoto kwenye mlango aliopita maisha yake yote, na akiongea na mtu aliyekaa upande huo aligeuza shingo nzima kama bundi. Nilimuuliza tukiwa peke yetu. Akaniambia kwenye raundi ya nne, kule Babati, kidole gumba cha glovu kilimwingia jichoni, na tangu hapo kulikuwa na vimulimuli, halafu kiza. "Ni kama mtu ameshusha pazia jeusi nusu ya dirisha," akasema. "Litapanda tu. Usimwambie mtu." Nilimwambia bibi saa hiyohiyo. Hicho ndicho kitendo cha mwisho cha maana nilichokifanya msimu ule.

Bibi alimpeleka zahanati, na mimi nikafuata. Tabibu wetu alikuwa mwanamke kijana kutoka Tanga, sisi tukimwita Dokta Zuhura, mwenye ushungi mweupe na sauti ndogo. Alimfunika jicho la kulia kwa kipande cha boksi, akanyoosha vidole, akamwambia ahesabu. Baba mdogo akasema viwili. Vilikuwa vinne. Dokta akamwangalia kwa tochi kwa muda mrefu, akakaa, akaongea taratibu ili bibi aelewe: nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga, na ya Boay imeanza kubanduka. Aende hospitali kubwa yenye wataalamu wa macho, aende wiki hii, asisubiri. Akipigwa tena kichwani itabanduka yote, na hata lile jingine linaweza kufuata. Akaandika barua ya rufaa, akaikunja, akampa mkononi. Baba mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nyumbani aliiweka katikati ya Biblia, na hakuna mtu aliyemwona akiitoa.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi, maana bila hiyo mtu anaweza kudhani watu wetu walikuwa wakatili. Hawakuwa wakatili. Walikuwa wanampenda, na sijawahi kuona upendo ulionitia uchungu kama ule. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na baba mdogo alitakiwa kulima. Akilima hawezi kufanya mazoezi. Kwa hiyo kijiji kikaja kumlimia. Kwetu mtu akiuguliwa au akifiwa majirani huja na majembe, wanalima, wanakula, wanaondoka. Lakini siku hiyo walikuja kama sijawahi kuona: plau saba, maksai jozi saba, na watu wa majembe ya mkono nyuma yao. Kufika saa nne shamba lote lilikuwa limegeuka jekundu kuanzia barabarani mpaka korongoni. Na kwetu, mtu aliyelimiwa na kijiji kizima hawezi kusimama mbele ya watu haohao akasema amebadili mawazo. Haikuandikwa popote, lakini hata mtoto anajua. Nilimwona baba mdogo amesimama pembeni mwa shamba lake, mikono imening'inia, akiwaangalia watu wanavyotoka jasho kwa ajili yake. Sikuelewa kwa nini hana furaha. Leo naelewa, na natamani ningewafungua wale maksai wote nikawatimulia mlimani.

Habari ya jicho ilikuwa imeshasambaa, kwa sababu bibi hawezi kukaa na neno tumboni. Wakati wa mapumziko, watu wameketi na vikombe, Mzee Tluway aliinuka akamwonyesha maksai mmoja kwenye jozi yake, mweusi mwenye chongo upande wa kushoto. Akasema huyu ana miaka mitano kwenye nira. Ukimfunga vibaya anapinda, anavunja plau. Ukimfunga kulia, chongo likaelekea kwa mwenzake na jicho zima likatazama nje, analima kuliko wenye macho mawili. "Boay tutamfunga upande mzuri," akasema. "Mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia mbele, jicho zima mbele. Huyo wa Singida hataelewa kitu." Watu wakaanza kuitikia mmojammoja, na kelele zikapanda mpaka ng'ombe wakashtuka. Hiyo ndiyo akili ya watu wanaojua ng'ombe. Hakuna aliyesimama kuuliza kama maksai yule alichagua kulima.

Hapo ndipo Dokta Zuhura alipotokea, kwa miguu, viatu vimejaa tope. Alikuwa amesikia. Akasalimia wazee wote kwa heshima, shikamooni, wakaitikia marahaba, wakampisha kwenye kigoda, wakampa chai. Alisimama akaeleza mbele ya watu yaleyale aliyomweleza bibi, tena kwa kurudia. Walimsikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyemkatiza. Kisha Mzee Tluway akamshukuru, akamwombea kazi njema, akasema watalifanyia kazi. Nimefanya kazi serikalini miaka mingi sasa, na najua maana ya neno hilo. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba mgeni hawezi kujua uchungu wetu. Bibi akasema kwa sauti, ili dokta asikie, "Mungu alimpa mawili." Mama yake mzazi! Nilimpenda bibi na nilimzika kwa machozi, lakini sentensi ile sijamsamehe.

Nisijifiche nyuma ya watu wazima. Baba mdogo alikuwa hajasema lolote. Dokta alimgeukia akamuuliza yeye mwenyewe anasemaje, na watu wote wakamtazama. Akatafuta kwa lile jicho zima mpaka akaniona. "Wewe ndiye uliyeliona wa kwanza," akaniambia. "Unasemaje, mama? Niende, nisiende?" Aliniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la bibi. Nadhani alinichagua mimi kwa sababu mimi peke yangu sikuwa nimelima shamba lake, na kama ningesema usiende angepata mahali pa kushika, angeweza kucheka na kusema mtoto amekataa, basi. Alikuwa ananiomba. Nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimezungukwa na kijiji kizima, na kichwani mwangu kulikuwa na picha moja tu, ya yule mtoto wa Singida shuleni akinicheka. Nikapiga kelele, "Nenda baba, ukampige!" Wakanibeba juu. Nikiwa juu ya mabega ya watu nilimwona Dokta Zuhura akiweka kikombe chini, akishika njia ya zahanati. Hakugeuka.

Mwezi uliofuata walimgeuza kweli. Kila alfajiri alikuwa uani, mguu wa kulia mbele, wanaume wawili wakimvamia kutoka upande wa kiza kwa magunia yaliyojazwa pumba, mpaka akajifunza kusikia pumzi ya mtu badala ya kumwona. Walipomkosa walimsifu, walipompata walimsifu zaidi kwa kutoanguka. Mafuta yaliendelea kuja. Watu wa Dongobesh na Haydom walikuja kumwona, wa Hanang wakaja pia, na kila mmoja aliambiwa siri ya maksai mwenye chongo na kuapishwa asiitoe. Kanisani aliombewa. Mimi nilikuwa namshika mkono jioni tukienda kisimani, upande wa kushoto, nikimwambia jiwe, shimo, mti, na nilikuwa najiona mtu muhimu sana.

Siku ya pambano, Jumapili mchana, mara hii tulikwenda wote kwenye lori la mnadani, tukiimba mpaka Babati. Ukumbi ulijaa watu wetu. Na mpango ulifanya kazi. Ningependa kuandika vingine lakini ulifanya kazi. Bondia wa Singida alikuwa amejiandaa kwa mtu wa mguu wa kushoto mbele, akakuta kila kitu kimegeuzwa, ngumi zinatoka asikozitegemea. Alipata nafasi raundi ya tatu, akaachia konde la kulia kwenye lile jicho, nikausikia mlio wake kutoka nilipokuwa nimekaa, kama mtu anapiga ngozi mbichi. Baba mdogo akayumba, akatikisa kichwa, akarudi. Raundi ya tano alimpiga yule mtu ngumi moja ya tumbo na moja ya kidevu, refa akahesabu mpaka kumi, na Manyara ikasimama. Mzee Tluway alilia kama mtoto. Bibi alivua kitenge akakirusha ulingoni. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka siku tatu. Kati yetu wote, aliyekuwa hasherehekei ni baba mdogo. Alikuwa amesimama katikati ya ulingo, mkono wake umeinuliwa na refa, anageuza uso huku na huku, taratibu, akitafuta watu wake wako upande gani.

Jicho la kushoto lilizima siku ileile. La kulia lilichukua miaka sita, na kila mwaka lilipopungua nilingoja mtu mmoja, mmoja tu, aje nyumbani aseme tulikosea. Hakuna aliyekuja, na najua sababu. Angeshindwa wangeona aibu. Wangemwonea huruma, pengine wangemtafuta Dokta Zuhura aliko wamwombe radhi, maana alihamishwa baadaye na hakuagwa na mtu. Lakini alishinda, na kushinda kuliwasafisha wote. Mpaka leo wakimpita amekaa nje ukutani wanamwita, "Bingwa!" Anainua mkono kuelekea sauti ilikotoka. Mzee Tluway kabla hajafa alikuwa akiwasimulia vijana habari ya maksai, mbele yake, na baba mdogo alikuwa akicheka mahali pa kuchekea. Mimi huondoka. Mara moja nilimuuliza kama ananilaumu. Akasema mimi nilikuwa mtoto. Ni jibu la upole, na sikulitaka, kwa sababu walionizunguka siku ile hawakuwa watoto, na wao bado wanakula na kulala vizuri.

Sasa mimi ni mwalimu, nafundisha Dirma, wilaya ya Hanang. Siku hizi hakuna anayezima mashine ili asikilize redio. Kila kijana ana simu, na habari ya ngumi inafika kabla mtu hajaanguka. Mwaka huu tuna bondia wetu wa uzito wa juu, Petro, ambaye nilimfundisha kusoma. Alipoteza pambano lake kwa pointi, marudiano ni mwezi ujao, na kundi la mashabiki kwenye simu linaamka saa kumi na moja asubuhi kutukana majaji. Wamenitia humo bila kuniuliza. Wanatumiana picha zake akinyanyua ndama, wanapanga magari, wanaandika tumeibiwa kwa herufi kubwa. Wiki iliyopita nilikutana naye dukani. Alinipa shikamoo, tukaongea, na nikaona anageuza kichwa pembeni ninaposema. Nikamuuliza. Akacheka, akasema tangu siku ile sikio moja linavuma, na kichwa kinauma akiinama, na asubuhi nyingine anatapika kidogo, si kitu, mwalimu, usimwambie mtu.

Nimewaambia wote. Niliandika kwenye kundi kwamba apelekwe hospitali apimwe kichwa kabla hajapanda ulingoni, nikajibiwa kwa vikaragosi vya kucheka, halafu mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, akauliza mwalimu unatumwa na nani. Nikamfuata kiongozi wao, akaniambia watalifanyia kazi. Basi jana baada ya vipindi nilipanda mwenyewe mpaka kwa mama yake Petro. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage kwenye ungo. Akanikaribisha, akaniletea kigoda, na mimi nikamweleza kila kitu, jicho, barua, lile shamba, nilichokisema mwenyewe nikiwa mtoto. Sikuficha neno. Alisikiliza huku mikono yake imesimama kabisa, na macho yake yakajaa machozi, nikajua huyu amenielewa, huyu ni mama, huyu atamzuia. Nilipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Mwalimu," akasema, "huyo baba yako mdogo, kwenye hayo marudiano, alishinda au alishindwa?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia alishinda.

Akashusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mwalimu," akasema. "Umenitoa wasiwasi."